Gari likisimama, nani anamlipa dereva?

Mnada wa ufuta ukipita na fedha kuingia, nyumba nyingi za kata ya Ngorongo, wilayani Rufiji, hukaa kikao kinachofanana. Baba anataka mabati. Mama anataka deni la dukani liishe kabla ya kilimo cha mlau hakijaanza. Na pembeni yupo kijana aliyepiga utingo miaka mitatu kwenye Fuso la mkaa na mbao, anayejua kufunga turubai na kubadili tairi gizani, naye anataka leseni ya lori. Siku mzee anapokubali, magunia ya ufuta hugeuka ada ya chuo cha udereva, leseni daraja E, na nauli ya kwenda Dar es Salaam kutafuta tajiri, kama madereva wanavyomwita mwenye gari.

Huo ni uwekezaji, tena si mdogo. Familia inayonunua pampu ya maji huuliza inakunywa mafuta kiasi gani, spea zake zinapatikana wapi na ikiharibika fundi yuko wapi. Lakini familia hiyo hiyo, inapompeleka kijana wake kwenye kampuni ya malori, huuliza jambo moja tu: tripu moja wanalipa ngapi?

Swali hilo si baya, ila ni nusu ya swali. Posho ya tripu hulipwa gari linapotembea. Nusu ya pili, ambayo ndiyo inayotenganisha kampuni ya kukaa nayo miaka kumi na kampuni ya kukimbia mapema, ni hii: gari likisimama, nani anamlipa dereva?

Lori husimama kuliko watu wanavyodhani

Watu wa Rufiji hawahitaji kufundishwa maana ya gari kusimama. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari ya Kusini yalivuka mto kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakichachamaa foleni ya malori ililala ukingoni kwa siku. Mei 2024 kumbukumbu hiyo ilirudi. Mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na malori yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Mwenye mzigo alipiga simu kuulizia mzigo wake. Mwenye gari aliulizia gari lake. Dereva aliyekuwa analala chini ya tela, akinunua wali na maji kwa bei ya mahali penye shida, alikuwa analipwa na nani siku zile? Jibu lilitegemea kampuni aliyoichagua miezi au miaka iliyotangulia.

Huko ni nyumbani. Kijana wa Ngorongo anayeota semitrela anaota safari ndefu zaidi, kwa sababu mzigo mwingi wa bandari ya Dar es Salaam huenda nje: Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi. Kutoka Dar es Salaam hadi mpaka wa Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Anayekwenda Lubumbashi huingia Zambia kwa upande wa Nakonde, akaivuka nchi hiyo, kisha akaingia Kongo kupitia Kasumbalesa, jumla kama kilomita 2,000 kwa kwenda tu. Tunduma na Nakonde wana kituo cha pamoja cha forodha tangu Oktoba 2019, kilichojengwa ili kupunguza usumbufu, lakini foleni bado hujitokeza karatasi zinapochelewa au mfumo wa kompyuta unapokwama. Kasumbalesa ni habari nyingine. Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa muda mpaka wake na Kongo baada ya Kongo kupiga marufuku vinywaji kutoka Zambia na madereva wa malori kuandamana. Hapakuwa na Mtanzania aliyehusika na ugomvi huo, lakini Watanzania waliokuwa kwenye usukani walisimama kama wengine.

Ongeza siku za kusubiri mzigo yadi, siku za gereji, siku za mizani, siku za kusubiri kontena tupu lipokelewe. Dereva anaweza kuwa kazini siku 60 na magurudumu yake yasizunguke hata nusu ya siku hizo.

Hesabu ya kampuni mbili

Tuseme kijana amepata nafasi mbili. Kampuni ya kwanza inampa mshahara wa Sh500,000 kwa mwezi na posho ya Sh450,000 kwa tripu. Kampuni ya pili haina mshahara, lakini inalipa Sh800,000 kwa tripu. Takwimu hizi ni za mfano tu, ila mazungumzo yanayofuata kijiweni hayabadiliki: ya pili ndiyo inayolipa, kwa sababu mia nane ni kubwa kuliko mia nne na nusu.

Sasa safari zikienda vizuri, tuseme tripu tatu kwa miezi miwili, kampuni ya kwanza itamlipa mshahara wa Sh1,000,000 na posho ya Sh1,350,000, jumla Sh2,350,000. Ya pili itamlipa Sh2,400,000. Tofauti ni Sh50,000 kwa miezi miwili mizima. Wale waliokuwa wanabishana kijiweni walikuwa wanabishania hela ya matairi mawili ya bodaboda.

Mambo yakiharibika, foleni ikawa ndefu na gari likakaa gereji, kijana akapata tripu moja tu katika miezi hiyo miwili, kampuni ya kwanza itamlipa Sh1,450,000 na ya pili Sh800,000. Chakula na mahitaji ya njiani, kwa Sh15,000 kwa siku, kwa siku 60 ni Sh900,000. Aliye kwenye kampuni ya kwanza atabakiwa na Sh550,000 za kutuma Ngorongo. Aliye kwenye ya pili atakuwa anadaiwa Sh100,000, na hajatuma kitu.

Hapo hayajatolewa makato ya kodi na ya NSSF kwenye mshahara wa kampuni ya kwanza, ambayo yatampunguzia kidogo fedha ya mkononi. Lakini NSSF si fedha iliyopotea. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hulipa angalau nusu yake. Kwa mshahara wa Sh500,000, kijana akikatwa Sh50,000, mwajiri naye anaweka Sh50,000 nyingine.

Ni vema kusema wazi kuwa malipo ya tripu bila mshahara si wizi. Kwa kijana asiye na mke wala mtoto, anayejua kuweka akiba, na akiwa na kampuni yenye mzigo wa uhakika wa kwenda na kurudi, miezi mizuri inaweza kumjengea nyumba. Tatizo ni ile Sh100,000 ya deni. Dereva mwenye njaa amekaa juu ya mamia ya lita za dizeli, kando ya barabara yenye watu wenye madumu na mipira ya kunyonyea. Tajiri anayemwacha dereva siku 30 mpakani bila senti kisha akashangaa mafuta kupungua, anashangaa jambo alilolipanda mwenyewe. Hata hivyo atakayefukuzwa kazi na kupelekwa polisi ni dereva, na jina lake litafika yadi nyingine kabla yeye hajafika, kwa kuwa wenye malori wanajuana.

Mshahara mdogo, posho kubwa

Ipo kampuni ya aina ya tatu, ambayo ni ngumu kidogo kuitambua. Hii hutoa mshahara kweli, na mkataba kweli, lakini mshahara ulioandikwa ni mdogo sana na karibu fedha yote huitwa posho. Kwa kijana anayeanza, inaonekana haina tofauti, fedha ni fedha. Tofauti huja baadaye.

NSSF huhesabiwa kwenye mshahara. Fidia ya ajali nayo hutegemea mapato yaliyotajwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, huchangiwa na mwajiri peke yake, dereva hakatwi hata shilingi, na akiumia kazini mfuko huo hugharimia matibabu, humlipa kwa muda anaoshindwa kufanya kazi, na akifariki huwalipa wategemezi wake. Lakini kama kwenye karatasi za mwajiri dereva huyo ni mtu wa mshahara mdogo, basi mjane wake atapata malipo ya mtu wa mshahara mdogo, hata kama marehemu alikuwa analeta milioni nyumbani kila mwezi. Benki pia, siku dereva anapotaka mkopo wa kununua trekta la mkono kwa ajili ya shamba la nyumbani, itaangalia mshahara.

Kwa hiyo swali la pili kwa kampuni yoyote ni: katika fedha mnayoniahidi, ipi ni mshahara na ipi ni posho? Mwajiri aliyejipanga hujibu bila kukunja uso.

Mkataba ulivyopiganiwa

Madereva wa Tanzania waliwahi kusimamisha nchi kwa ajili ya jambo hili. Aprili 10, 2015, madereva wa mabasi na malori waligoma, na abiria wakabaki wamekaa juu ya mizigo yao kituo cha Ubungo na katika miji mingine. Sababu iliyosikika zaidi ni agizo la kuwataka warudi chuoni kila wanapohuisha leseni. Lakini chini yake kulikuwa na malalamiko ya zamani zaidi, kwamba madereva wengi walifanya kazi bila mikataba ya ajira. Mwezi uliofuata waligoma tena, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda kamati ya kushughulikia matatizo ya usafiri wa barabarani.

Agizo la chuo ndilo lililobaki kwenye vichwa vya habari. Suala la mkataba halikuhitaji sheria mpya, kwani tayari ilikuwepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba wa mfanyakazi uwe wa maandishi, awe anafanya kazi ndani au nje ya nchi, na mwajiri aandike mambo ya msingi: kazi yenyewe, mahali pa kazi, saa za kazi, malipo na namna yanavyokokotolewa. Sheria hiyo hiyo ina kifungu ambacho madereva wachache wanakifahamu. Ukitokea mgogoro na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo hayo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha makubaliano unakuwa juu yake, si juu ya mfanyakazi.

Saa za kazi zimewekwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na hata kwa kazi ya ziada mwajiri haruhusiwi kumfanyisha mtu zaidi ya saa 12 kwa siku. Likizo ya mwaka ni siku 28. Dereva yeyote wa njia ndefu atacheka akisoma saa 12, na kucheka kwake ndiko kunakopaswa kumtia wasiwasi mzazi. Kampuni inayompa dereva muda wa kufika Tunduma ambao hauwezekani bila kuendesha usiku kucha inamlipa kwa uhai wake, ingawa haijaandika hivyo popote. Yapo makampuni yanayofunga vifaa vya kufuatilia mwendo wa magari na kukataza kuendesha baada ya saa fulani za usiku. Vijana huyasema vibaya kwamba yanabana. Mama aliyebaki Ngorongo angeyachagua hayo.

Makato, mizani na lumbesa

Baada ya gari kusimama, jambo linalofuata kwa kula fedha ya dereva ni makato. Mafuta yamepungua, kata. Mfuko wa saruji umelowa, kata. Tairi limepasuka, kata. Mwisho wa mwezi dereva anaambiwa yeye ndiye anayedaiwa.

Sheria haikatazi kila kato, lakini imeweka masharti. Ili mwajiri akate fedha kwa hasara au uharibifu, hasara hiyo iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri awe amempa maelezo ya maandishi ya chanzo, kiasi na hesabu yake, na mfanyakazi awe amepewa nafasi ya kupinga. Pia awe amekubali kwa maandishi kulipa deni hilo. Makato yasizidi hasara yenyewe, na jumla yake yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Robo, si mshahara mzima. Kampuni inayomtaka dereva asaini, siku ya kwanza, kwamba itamkata kiasi chochote kwa kosa lolote, imeshaeleza tabia yake mapema, na ni bora kuliko ile itakayoieleza baada ya mwaka.

Kwenye mafuta, kijana aulize kabla ya kuondoka: gari hili lina kipimo cha lita ngapi kwa njia hii, na kipimo hicho kilipatikanaje? Semitrela yenye mzigo kamili huenda kama kilomita mbili kwa lita moja, zaidi au pungufu kulingana na gari na milima. Kipimo kilichotolewa kwa gari jipya hakiwezi kutumika kwa gari lililochoka, lenye injini inayokunywa dizeli kama ng'ombe wa kiangazi. Dereva mzoefu huomba kuona gari limepimwa kwa safari moja kabla hajakubali kulipia upungufu.

Mizani nayo ina mtego wake. Tangu Machi 1, 2019 Tanzania inatumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Uzito wa juu wa gari na mzigo ni tani 56, ukitegemea idadi ya ekseli, na kila ekseli ina kikomo chake. Gari la tani 3.5 na kuendelea linatakiwa kupimwa, kwa hiyo hata Fuso la ufuta linalotoka Kibiti limo. Mzigo unaweza kuwa halali kwa jumla na bado ukazidi kwenye ekseli moja kwa sababu umepangwa vibaya. Faini ya namna hiyo ni ya nani? Kama kampuni ndiyo iliyopakia kontena na kulifunga kwa lakiri, dereva hakuona ndani, hivyo faini isiwe yake. Hilo liandikwe.

Na hapa wakulima nao wana sehemu yao. Gunia la lumbesa linaloingia kwenye gari kama gunia moja likiwa na uzito wa gunia moja na robo humdhulumu mkulima sokoni, lakini njiani humtesa dereva, ambaye amehesabu magunia na si kilo. Baba anayelalamika kwamba mwanawe amekatwa faini ya mizani Vigwaza huenda ndiye aliyeshindilia gunia kwa miguu.

Barabara ya Zambia ina faini nyingine isiyofanana na yoyote. Inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na gari likigonga mnyama ndani ya hifadhi, faini huhesabiwa kwa dola. Kwa tembo au twiga ni maelfu ya dola. Mkataba mzuri hutaja nani atabeba mzigo huo na kwa mwendo gani dereva atahesabiwa amefanya uzembe.

Siku ya ajali

Kila gari barabarani linatakiwa kuwa na bima, lakini ile ndogo, ya mtu wa tatu, hulinda watu wengine. Haimtengenezei tajiri gari lake, na haimtibu dereva wake. Kampuni yenye bima kubwa, pamoja na bima ya mzigo, ina sababu ndogo ya kumgeukia dereva na kudai alipe hasara. Yenye bima ndogo tu ikipoteza gari imepoteza mtaji, na mtu aliyepoteza mtaji hutafuta wa kumlaumu. Kijana anaweza kuuliza kwa heshima gari atakalopewa lina bima gani, na stika yake inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Njia za Kongo zina hatari isiyofutwa na bima yoyote. Septemba 2016 waasi wa Mai Mai waliyateka malori eneo la Namoya, mashariki mwa Kongo, wakayachoma baadhi na kuwachukua madereva, wengi wao Watanzania, ambao baadaye waliokolewa. Kabla ya kukubali njia kama hiyo, kijana ajue kampuni ina mtu wake upande wa pili wa mpaka au ina namba ya simu tu, na kama dereva ana haki ya kukataa safari pale njia inapokuwa na vita bila kupoteza kazi.

Kuichunguza kampuni kabla haijakuchunguza

Makampuni humpima dereva: leseni, majaribio ya barabarani, pasi ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, barua ya serikali ya mtaa. Ni mara chache dereva huipima kampuni, ingawa haihitaji gharama kubwa. Usajili wa kampuni unaweza kuulizwa BRELA, na magari ya biashara ya mizigo yanatakiwa kuwa na leseni ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019.

Lakini karatasi hazitoshi. Njia nzuri zaidi ni kukaa asubuhi moja nje ya geti la yadi na kutazama. Matairi ya magari yanayotoka yana maua au yamekwisha? Magari mangapi yamesimama kwenye mawe, yamenyofolewa spea kwa ajili ya mengine? Madereva wanaotoka ofisini wana karatasi mkononi au wanatoka wakisonya? Kisha atafutwe dereva aliyeacha kazi hapo, si aliyepo. Aliyepo atasifu kwa sababu anaogopa kusikika, au atatukana kwa sababu jana amenyimwa posho. Aliyeacha aulizwe swali moja: siku yako ya mwisho walikulipa ulichokuwa unawadai? Huyo pia aulizwe kama michango yake ya NSSF ilikuwa inafika, maana yapo makato yanayoonekana kwenye karatasi ya mshahara na yasionekane kwenye mfuko. Mwanachama anaweza kuangalia michango yake kwa simu, na anayeanza kazi afanye hivyo mwezi wa tatu, asisubiri mwaka wa tatu.

Mambo yakiharibika kabisa, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka lalamiko, na migogoro mingine ina siku 60. Hapa ndipo vijana wa vijijini hupoteza haki. Dereva akifukuzwa hurudi nyumbani, hukaa dunguni akilinda mpunga na kutafakari, akija kushauriwa na mjomba kwamba aende Tume, siku zimeshapita. Vipo vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji vinavyopokea madereva, kikiwemo TADWU, na kujiunga mapema ni rahisi kuliko kutafuta kadi siku ya mgogoro.

Fuso la jirani

Si kila kijana wa Ngorongo atafika Kasumbalesa. Wengi watamwendeshea mtu wa Kibiti au Ikwiriri mwenye Fuso moja, wakibeba mbao, machungwa na mpunga kwenda Mbagala, na korosho au ufuta kwenda maghalani wakati wa msimu. Hapo hakuna ofisi wala meneja. Tajiri ni mtu wanayesali naye msikiti mmoja, pengine ni shemeji, na kumwambia habari za mkataba huonekana ni kumvunjia heshima.

Kwa hakika ndugu ndiye anayehitaji maandishi zaidi, kwa sababu akikosana na dereva wake hakuna anayekwenda Tume. Wanagawanyika ukoo, na misiba inakuwa ya kutazamana pembeni. Masika yakifika na barabara ya vijijini ikawa tope, Fuso hilo litasimama wiki nzima au zaidi, na jibu la nani analipa wiki hiyo huwa halijazungumzwa. Dereva anadhani atapewa cha kula. Tajiri anadhani dereva atakwenda shamba mpaka njia ikauke. Wote wawili wana haki ya kudhani hivyo.

Karatasi moja ya daftari inatosha. Iandikwe hesabu ya kila safari, sehemu ya dereva na ya utingo, fedha ya siku za kusimama hata kama ni ya chakula tu, na nani anayelipa pancha, trafiki na mizani. Isainiwe mbele ya mtendaji wa kijiji na shahidi mmoja wa kila upande. Nakala moja akae nayo tajiri. Ya dereva ibaki nyumbani kwa mkewe au mama yake, wala isiwekwe kwenye droo ya gari, kwa kuwa siku ya ugomvi ufunguo wa gari ndio wa kwanza kuchukuliwa.